Ganda la Risasi Lisilo na Fataki

Ganda la risasi likiokotwa Lulimba, katika eneo la Fizi, mashariki mwa Kongo, wengi hulihesabu mara moja kuwa mabaki ya vita vya 1965, pale waasi wa Simba, wakiwa na Che Guevara na Wakuba wake, walipopigana na jeshi la serikali na mamluki wa Mike Hoare. Mara nyingi hawakosei. Hata hivyo, kitako cha ganda ndicho cha kutazamwa kwanza.

Maganda ya bunduki ya FAL ya Ubelgiji au ya AK yana fataki, yaani kiduara kilichopachikwa katikati ya kitako, kikiwa na kibonyeo mahali pini ya bunduki ilipogonga. Ipo aina nyingine ya kale isiyo na kiduara hicho. Kitako chake ni bapa, na kibonyeo kiko pembeni kabisa, kwenye ukingo. Dawa ya kulipua ilitiwa ndani ya mkunjo wa ukingo huo wote, kuuzunguka. Ukingo uliochomoza peke yake hautoshi kuwa ushahidi: risasi ya .303 ya Waingereza inao pia, lakini fataki yake iko katikati.

Mfaransa Flobert alianza kutengeneza risasi za ukingo mnamo 1845, na Smith & Wesson wa Marekani wakatoa .22 fupi mwaka 1857. Ukingo ulipaswa kuwa mwembamba ili pini iweze kuuponda, ndiyo maana maganda ya mwanzo ni ya shaba nyekundu laini. Wembamba huohuo ulikuwa udhaifu wake. Baruti ilipoongezwa nguvu, ganda halikustahimili, na risasi kubwa za aina hii zikaachwa. Zilizodumu hasa ni zile ndogo za .22. Tena, ganda la namna hii halijazwi upya kwa urahisi kama lile la fataki, kwa hiyo huachwa lilipoangukia.

Baada ya kitako huja vipimo. Ganda la .22 fupi lina urefu wa karibu milimita 11, na lile refu la mwaka 1887 lina kama 15 na nusu. Likifika milimita 22 hivi, na kitako kikiwa na upana wa 13, la kufikiriwa ni .44 Henry, risasi ya bunduki ya Henry ya 1860 na Winchester ya 1866. Bunduki hizo zina alama ya pekee: pini yao ina ncha mbili, hivyo ukingo hubonyea pande mbili zinazoelekeana.

Bunduki hizo si ngeni katika eneo hili. Stanley, alipomtafuta Livingstone mwaka 1871, alibeba Henry na Winchester, ingawa askari wake wengi walikuwa na gumegume. Baadaye wawili hao walizunguka kaskazini mwa Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi na kufika pwani ya Ubwari. Njia yao ilikuwa ya ziwani, wala si ya Lulimba.

Mwisho, herufi zilizogongwa kitakoni husomeka vizuri tochi ikimulikwa kwa ulalo. Ganda lioshwe kwa maji na brashi laini tu. Msasa hufuta alama ambayo kutu ya kijani imeihifadhi. H ni ya Winchester, na U ni ya Union Metallic. Kama tembe ya risasi bado imo, lisigongwe wala kukwanguliwa ukingoni, kwa kuwa dawa imejaa hapo pande zote, na uzee hauihakikishii usalama.

Herufi hizo hutaja kiwanda, si mwaka. Winchester waliigonga H kwenye .22 pia, na .44 Henry iliendelea kutengenezwa hadi miaka ya 1930. Kwa hiyo ganda lenye H na vibonyeo viwili haliwezi kuwa la kabla ya 1860, lakini laweza kuwa limefyatuliwa miaka 70 baadaye, na mtu mwingine kabisa.