Chati Nyekundu Iliyopigiwa Makofi

Mwishoni mwa mwaka 2006, wakuu wa kampuni ya magari ya Ford walikuwa wakikutana kila Alhamisi katika makao makuu yao ya Dearborn, jimbo la Michigan, Marekani. Kila mkuu alileta chati za idara yake. Kijani ilimaanisha kazi inakwenda sawa, manjano kuna mashaka, nyekundu mambo yameharibika. Wiki baada ya wiki chati zilikuwa kijani tupu, kama shamba la mpunga baada ya masika. Mwaka huohuo Ford ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 12.

Mkurugenzi Mtendaji mpya, Alan Mulally, mhandisi wa ndege aliyekuwa ametumikia Boeing miaka 37, aliwauliza inakuwaje kampuni ipoteze mabilioni na bado pasiwe na hata jambo moja lililokwenda kombo. Hakujibiwa. Watu wale hawakuwa wajinga wala wezi. Walikuwa wamelelewa katika kampuni ambayo aliyekiri tatizo alikuwa amejichongea mwenyewe. Kwa hiyo kila mmoja alifunika kombe mwanaharamu apite.

Siku moja Mark Fields, aliyesimamia soko la Amerika, alileta chati nyekundu. Gari jipya la Edge, lililokuwa likiundwa kiwandani Oakville nchini Kanada, lilikuwa na hitilafu, naye alikuwa amelizuia lisipelekwe sokoni. Wenzake walidhani kazi yake imeishia pale. Mulally akapiga makofi, kisha akauliza nani anaweza kumsaidia. Wakuu wa idara nyingine wakaanza kujitolea: huyu ana mafundi, yule amewahi kuona tatizo kama hilo. Wiki chache baadaye chati za wengine nazo zikaanza kuwa na manjano na nyekundu.

Wataalamu wa utawala huuita uongozi wa namna hii uongozi wa mageuzi. Mwaka 1978 James MacGregor Burns, mwanahistoria na mtaalamu wa siasa wa Marekani, aliutofautisha na uongozi wa nipe nikupe, na mwaka 1985 mwanasaikolojia Bernard Bass akaipeleka fikra hiyo katika mashirika. Nipe nikupe tunaijua sote: mshahara kwa kazi, bonasi kwa lengo lililofikiwa, karipio kwa kosa. Haina ubaya, na bila hiyo hakuna kiwanda kitakachofunguliwa asubuhi. Lakini ina tundu moja. Ukimlipa mtu kwa chati ya kijani, atakuletea kijani, hata ikibidi aipake mwenyewe.

Kiongozi wa mageuzi, kwa maelezo ya Bass, hufanya mambo manne: huwa mfano wa kuaminika, huwapa watu lengo linalowagusa moyo, huwachokoza wafikiri upya, na humjali kila mmoja kwa hali yake. Wengi huliona lile la pili tu, wakadhani mageuzi ni hotuba nzuri na kaulimbiu ukutani. Mulally naye alikuwa na kaulimbiu yake, Ford Moja. Hata hivyo, makofi yale yalifanya kazi ambayo kaulimbiu isingeiweza: yaliwaonyesha watu kwa macho yao kuwa ukweli hauadhibiwi tena. Mficha maradhi kifo humuumbua, na shirika ni vivyo hivyo. Mkuu hawezi kutibu asichoambiwa.

Tusimpambe Mulally kupita kiasi, maana makofi hayalipi madeni. Mwishoni mwa 2006 Ford ilikopa zaidi ya dola bilioni 23, ikaweka rehani viwanda na hata nembo yake. Iliuza Aston Martin mwaka 2007, Jaguar na Land Rover kwa Tata ya India mwaka 2008, na Volvo kwa Geely ya China mwaka 2010. Maelfu ya wafanyakazi walipoteza ajira, na mpango wa kupunguza watu ulikuwa umetangazwa kabla Mulally hajafika. Bahati nayo ilikuwepo: mkopo ulipatikana kabla ya msukosuko wa fedha wa 2008 kufunga milango ya mabenki. General Motors na Chrysler zilipofilisika mwaka 2009 na kuokolewa na serikali, Ford ilisimama kwa miguu yake na kumaliza mwaka kwa faida.

Tena kuna aliyemtangulia. Bill Ford, kitukuu wa mwasisi Henry Ford, ndiye aliyekuwa na kiti cha Mkurugenzi Mtendaji. Aliona kazi imemzidi, akatafuta mtu wa nje na kumpisha. Kwa hakika chati nyekundu ya kwanza aliileta yeye.

Kwa hiyo msomaji unayetaka kujua kama bosi wako ni kiongozi wa mageuzi, usihangaike na hotuba zake. Uliza mtu wa mwisho kumletea habari mbaya yuko wapi leo. Pale Ford jibu lilipatikana mwaka 2014, Mulally alipostaafu: aliyerithi kiti chake ni Mark Fields.