Paipu za oili na maji ndizo huamua maisha ya turbo

Wenye pikapu na malori madogo ya kubeba viazi na mboga wamekuwa wakiongeza turbo kwenye injini ili gari lipande mlima likiwa na mzigo. Wengine hurudi gereji baada ya muda mfupi, gari likitoa moshi wa buluu, na kuambiwa wanunue turbo nyingine. Mara nyingi turbo haina kasoro. Kosa huwa kwenye paipu zake.

Turbo huzungushwa na moshi wa ekzosi. Shafti yake inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na katika turbo nyingi huelea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili ikikosekana hata kwa sekunde chache, shafti na beringi husagana.

Oili inayoingia

Oili huchukuliwa kwenye sehemu ya injini yenye presha, kwa paipu nyembamba. Paipu hiyo iwe ya chuma au mpira uliotengenezewa oili ya moto na presha. Mpira wa kawaida wa maji hulainika na kupasuka. Ipitishwe mbali na ekzosi, kwani oili ikidondokea chuma chenye moto inaweza kuwaka. Washa za shaba ziwe mpya. Silikoni isipakwe kwenye njia ya oili: kipande kidogo kikibanduka huziba tundu.

Oili inayorudi

Oili inayotoka kwenye turbo haina presha. Hurudi kwenye sampu kwa kuteremka tu. Kwa hivyo paipu ya kurudi iwe pana kuliko ya kuingia, kipenyo cha ndani kisipungue milimita 12. Iteremke bila kujikunja na iingie kwenye sampu juu ya kiwango cha oili. Fundi akitaka kutoboa sampu, aifungue kwanza, vipande vya chuma visibaki ndani.

Paipu hii ikibanwa, oili hujaa ndani ya turbo na kupenya kwenye ekzosi na njia ya hewa. Huo ndio moshi wa buluu, na turbo mpya haitauondoa. Kwa injini ya dizeli hatari ni kubwa zaidi: oili nyingi ikiingia kwenye njia ya hewa, injini inaweza kuichoma kama dizeli na kuendelea kunguruma hata baada ya ufunguo kuzimwa.

Maji

Turbo yenye matundu ya maji imeundwa ipozwe kwa maji. Matundu hayo yasizibwe. Maji hufaa hasa baada ya injini kuzimwa, joto la ekzosi linapoingia katikati ya turbo na kuunguza oili iliyobaki. Yakiingilia upande wa chini na kutokea juu, hupanda yenyewe yakipata joto na kuendelea kuipoza. Baada ya kufunga paipu, hewa iliyonaswa kwenye mfumo wa rejeta itolewe.

Kabla ya kuwasha

Fundi abadilishe oili na filta, kisha amimine oili safi kwenye tundu la kuingilia la turbo. Azuie injini isiwake na apige stata kwa sekunde 10 hadi 15 ili oili ifike kwenye beringi. Baada ya hapo injini iwashwe na iachwe ingurume polepole huku kila kiungo kikikaguliwa kama kinavuja.

Dereva naye ana sehemu yake. Akimaliza kupanda mlima kama wa Mai Mahiu na mzigo, asizime injini papo hapo. Aiache ingurume kwa dakika moja au mbili.

Mwenye gari la biashara aulize NTSA na kampuni yake ya bima kabla ya kubadilisha injini. Na akiambiwa turbo imekufa, aombe kwanza paipu ya kurudi ifunguliwe, aione kwa macho yake.