Uhasibu: Digrii inatosha au uendelee na masta?

Umemaliza digrii ya uhasibu, ajira bado, na nyumbani wameanza kuuliza, "Sasa mwanetu, kinachofuata ni nini?" Wengi hujibu haraka: masta. Lakini kwa mhasibu wa Tanzania, jibu hilo linaweza kula miaka 2 na mamilioni ya ada bila kumsogeza hata hatua moja. Piga hesabu kwanza.

Digrii inakupa nini?

Shahada ya kwanza ya uhasibu husomwa miaka 3 katika vyuo kama IFM, Mzumbe, TIA, Chuo cha Uhasibu Arusha na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hiyo ndiyo inayokufungulia mlango wa ajira.

Angalia matangazo ya Sekretarieti ya Ajira. Nafasi ya Mhasibu Daraja la II kwa kawaida inataka shahada ya kwanza yenye mchepuo wa uhasibu, au cheti cha kati cha Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA). Masta siyo sharti. Mwenye nayo na asiye nayo wanaingia usaili uleule, na mshahara unafuata cheo kilichotangazwa, siyo wingi wa vyeti.

Masta inamfaa nani?

Inafaa zaidi makundi haya matatu:

- Anayetaka kufundisha chuo kikuu. Huyu hawezi kuikwepa. GPA ya digrii ya kwanza nayo inaangaliwa, kwa hiyo mpango huu unaanzia mwaka wa kwanza.
- Anayebadili fani. Mfano, alisoma uchumi na sasa anataka kuhamia masuala ya fedha na uhasibu.
- Aliye kazini tayari na anayelenga umeneja. Ana uzoefu, ana mshahara wa kulipia ada, na wapo wanaolipiwa na mwajiri.

Kama haupo kwenye kundi lolote kati ya haya, soma sehemu inayofuata kwa makini.

Kuna kitu masta haikupi

Ripoti ya ukaguzi wa hesabu za kampuni haisainiwi na mtu kwa sababu tu ana masta. Anayesaini ni mkaguzi aliyesajiliwa na NBAA, bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Njia ya kufika huko ni CPA. Nafasi nyingi za juu, kama mhasibu mkuu au mkaguzi mkuu wa ndani, nazo huitaja CPA waziwazi.

Mitihani ya CPA hufanyika kwa misimu, ikiwemo ya Mei na Novemba. Ukiwa na digrii ya uhasibu huanzii ngazi ya chini kabisa. Ukimaliza mitihani, unahitaji pia miaka 3 ya uzoefu wa kazi ili usajiliwe kuwa CPA kamili. Uzuri wake ni kwamba unaweza kufanya kazi mchana na kusoma jioni.

Siyo mteremko, lakini. Wapo wanaorudia somo moja zaidi ya mara moja, na hapo ndipo wengi hukata tamaa na kukimbilia masta.

Mbona mtandaoni wanasema masta ni muhimu?

Kwa sababu ushauri mwingi unaousoma umeandikwa kwa ajili ya Marekani. Huko, kwa miaka mingi, ili upate leseni ya CPA ulihitaji "krediti" 150 za chuo, wakati digrii ya kawaida ina 120. Wengi walisoma masta ili kuziba pengo la 30. Hata huko mambo yanabadilika: majimbo kadhaa, likiwemo Ohio, yamefungua njia ya digrii ya kwanza pamoja na miaka 2 ya uzoefu.

Tanzania hakuna pengo hilo, kwa hiyo usilipie dawa ya ugonjwa usiokuwa wako.

Na hela je?

Mikopo ya HESLB inalenga zaidi shahada ya kwanza. Kama ulikopa, ukipata ajira makato ya asilimia 15 ya mshahara yanakusubiri. Ada ya masta mara nyingi itatoka mfukoni kwako au kwa wazazi. Ada za CPA hulipwa kidogo kidogo, kwa masomo unayojisajili kufanya msimu huo.

Jiulize haya kabla ya kujaza fomu

1. Kazi ninayoitaka inataja masta au CPA? Fungua matangazo 5 uhesabu.
2. Nasoma kwa sababu nina mpango, au kwa sababu nimechoka kukaa nyumbani?
3. Nani analipa, na akishindwa katikati itakuwaje?

Kama majibu yanaelekea darasani, masta ni yako. Kama yanaelekea ofisini, anza na kazi yoyote ya vitabu vya hesabu, hata ya kujitolea, na ujisajili NBAA kwa msimu unaofuata. Masta haikimbii. Ukiisoma ukiwa na CPA na miaka michache kazini, utajua unaitafutia nini.