Mizani Kizingitini

Mtu akishuka alfajiri hadi ufuo wa Marenga, hapa Port Victoria, karibu na pale mto Nzoia unapomwagika ziwani, atamkuta karani na mizani yake bandani, na mbele yake mbuta na ngege walioteremshwa mashuani wakipimwa, uzito ukitiwa daftarini pamoja na jina la chombo. Wala karani huyo hana haja ya kujua wavuvi walizungumza nini usiku kucha, kwani amana yake ni uzito tu, na siku ya kugawana fedha, panapozuka ubishi, daftari lake ndilo huamua. Karani wa namna hiyo aweza kuwekwa hata ndani ya ruta ya nyumbani, na kwa maoni yangu kila nyumba inayonunua intaneti kwa kipimo inamhitaji.

Haja yake niliitambua kwa majuto. Bando lililokusudiwa kutufikisha tarehe 30 lilikwisha tarehe 19, na ujumbe wa kampuni ulitaja jumla peke yake, bila kubainisha chombo kipi kimetumia kiasi gani. Nami, kwa kuwa mpwa wangu alikuwa likizoni na simu haimtoki mkononi, nilimtupia yeye lawama mbele ya wenziwe. Mwezi uliofuata, baada ya kuweka daftari, ilidhihirika kwamba mlaji mkubwa alikuwa simu yangu mwenyewe, ambayo kila usiku ilijaribu kupeleka hifadhi ya mbali video ndefu za matanga tuliyohudhuria Siaya, na kila umeme ulipokatika ruta ikazimika, ilianza upya tangu mwanzo wa faili. Nilimwita kijana nikamwomba radhi mbele ya wale wale walionisikia nikimshutumu.

Yafaa kufahamu kwa nini hesabu hii haifanyiki vyema mahali pengine popote. Ruta huvipa vyombo vya nyumbani anwani za ndani, kisha, kila data inapotoka, huiondoa anwani ile na kuandika badala yake anwani moja ya nje, hata watu saba wa nyumba moja wakaonekana huko nje kama mtu mmoja. Na simu nayo hujihesabu yenyewe tu, haijui televisheni ya sebuleni imekula nini. Ruta ndiyo iliyosimama kizingitini, ikiwajua wa ndani na wa nje. Na mzigo unaopita hapo si haba: laini ya megabiti 10 kwa sekunde, ikijaa kwa saa moja, hupitisha gigabaiti 4.5, maadamu baiti moja ni biti nane, na bando la gigabaiti 50 kwa mwendo huo halitimizi saa 12.

Ruta nyingi za dukani hazina daftari lenye maana, walakini dawa ipo tangu zamani. Kampuni ya Linksys ilitoa ruta yake ya WRT54G mwaka 2002, na ilipobainika kwamba ndani yake mlikuwa na Linux, ambayo leseni yake humlazimu anayeisambaza kuwafunulia watu msimbo wake, msimbo huo ukatolewa mwaka 2003. Mwaka 2004 mafundi wa kujitolea wakaanzisha juu yake OpenWrt, mfumo huru ambao leo huendesha ruta za aina nyingi mno. Kabla ya kuupakia, hakikisha kuwa aina ya ruta yako, pamoja na toleo lake lililoandikwa chini ya kasha, imo katika orodha ya mradi wenyewe, na kwamba ina megabaiti 8 za kumbukumbu ya kudumu na 64 za kumbukumbu ya muda, angalau. Faili lisilo lake laweza kuiua kabisa. Ikiwa ruta ni mali ya kampuni, usiiguse: nunua yako, iunganishe nyuma ya ile, kisha vyombo vyote vipitie kwako.

Madaftari yanayofaa ni mawili. Lililo jepesi ni vnStat, lililotungwa na Teemu Toivola wa Ufini, ambalo husoma tarakimu ambazo mfumo tayari unaziweka kwa kila mlango wa ruta, likakuonyesha jumla ya saa, siku na mwezi. Halijui nani ni nani. Lenye kuwapambanua watu ni nlbwmon, na hilo ndilo nililolichagua mimi. Ingia katika ukurasa wa ruta, fungua orodha ya programu, ihuishe, kisha pakia luci-app-nlbwmon; halafu, katika mipangilio yake, weka siku ya kuanza hesabu iwe ile ile ambayo bando lako huanza, kwa sababu daftari linaloanza tarehe 1 ilhali malipo yanaanza tarehe 12 halitaafikiana kamwe na ujumbe wa kampuni.

Hapa kwetu, ambako umeme hukatika bila taarifa, lipo jambo ambalo maelezo ya ng'ambo hulipita upesi. Lisipoelekezwa pengine, daftari hilo hukaa katika kumbukumbu ya muda, na ruta ikizimika, hesabu ya wiki tatu hupotea pamoja nayo. Chomeka flashi katika tundu la USB, elekeza daftari huko, na upunguze muda wa kuandika kutoka saa 24 hadi saa moja. Aidha, ruta aghalabu haina betri ya saa, kwa hiyo ikiamka huwa haijui tarehe mpaka iulize mtandaoni. Hakikisha kuuliza huko kumeruhusiwa, usije ukakuta Juni imeandikwa Mei.

Mambo mawili huwapotosha wengi. Simu za Android tangu toleo la 10 la mwaka 2019, na iPhone tangu iOS 14 ya mwaka 2020, hujivika, kwa kila mtandao, anwani bandia badala ya ile ya kiwandani na pengine kuibadili, hata simu moja ikaonekana mbili. Zima jambo hilo kwa mtandao wa nyumbani pekee. Tena, ruta ikiwa imewashwa njia ya mkato ya kuharakisha data, sehemu ya mzigo hupita bila kupimwa, nawe utasoma tarakimu ndogo kuliko haki yake.

Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 haizibani shughuli zilizo za nyumbani pekee, lakini heshima inazibana. Niliwaambia watu wangu wote, mgeni hata mpangaji, kwamba mizani ipo, na nikawaonyesha kuwa nlbwmon haliweki orodha ya tovuti zilizotembelewa. Huandika chombo, aina ya mawasiliano, na uzito. Zipo programu za kufungua shehena yenyewe, na katika nyumba yenye watu wazima mimi siziruhusu. Karatasi ya majina ya vyombo imebandikwa kando ya ruta, na kila tarehe 12 jioni daftari hufunguliwa mezani baada ya chakula, mpwa wangu akilisoma kwa sauti, akianza na simu yangu.