Watumishi tuonyeshwe tange

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalotukereketa watumishi wengi wa umma, hasa sisi walimu wa Mkoa wa Dodoma. Jambo lenyewe ni madaraja.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwezi Mei 2022 Serikali ilitangaza kupandisha kima cha chini kwa asilimia 23.3. Mei Mosi 2023, mjini Morogoro, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kurejeshwa kwa nyongeza ya kila mwaka iliyokuwa imesimama. Na Mei Mosi 2025, kwa jirani zetu Singida, kikatangazwa kima cha chini kipya kuanzia Julai mwaka huo, kutoka Sh. 370,000 hadi Sh. 500,000. Wenye mishahara midogo kabisa walipata nafuu, na hilo tunalishukuru.

Lakini mtumishi wa ngazi ya kati hategemei kima cha chini. Yeye hupanda kwa daraja, na daraja likichelewa kila kitu chake huchelewa.

Mwaka 2016 upandishaji wa madaraja ulisimamishwa nchi nzima ili kuhakiki watumishi hewa na wenye vyeti vya kughushi. Uhakiki ule ulikuwa na sababu. Tarehe 28 Aprili 2017, hapa hapa katika Chuo Kikuu cha Dodoma, Hayati Rais John Magufuli alikabidhiwa taarifa iliyotaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Hao waliondolewa kazini. Ila sisi ambao vyeti vyetu vilikutwa safi, muda wetu haukurudi.

Mimi niliajiriwa mwaka 2012 nikiwa na shahada, nikaanzia daraja D. Barua ya daraja E niliipata 2016, ikasimamishwa kabla mshahara haujabadilika. Nikapandishwa upya 2018, na hesabu ikaanzia hapo. Leo nipo daraja moja na mwenzangu aliyeajiriwa miaka 2 baada yangu, na barua zetu za mwisho zina tarehe moja. Simwonei kijicho, kwani naye anachapa kazi. Nauliza tu, ile miaka yangu 2 imekwenda wapi?

Hasara hii haiishii kwenye mfuko wa leo. Pensheni hukokotolewa kwa wastani wa mishahara ya miaka 3 iliyo bora ndani ya miaka 10 ya mwisho ya utumishi. Anayestaafu akiwa chini ya daraja analostahili huishi na pengo hilo maisha yake yote. Ni kweli kwamba mwaka 2024 malipo ya mkupuo yaliongezwa kutoka asilimia 33 hadi 40, lakini asilimia 40 ya kidogo ni kidogo.

Serikali ilileta mserereko, yaani kumpandisha aliyeachwa nyuma ili afike anapostahili. Nia ni njema. Tatizo liko huku chini, ambako haieleweki nani kachukuliwa na nani kaachwa, na kwa nini. Ukiuliza unajibiwa, "Subiri bajeti." Mji wa Serikali Mtumba uko mkoani mwetu, lakini mwalimu hawezi kuacha vipindi kila mwezi na kulipa nauli kwenda kulitafuta jina lake.

Ninapendekeza hivi. Kila mwajiri ana tange, ile orodha ya watumishi kwa ukuu wao kazini. Ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila halmashauri kila mwaka, kabla bajeti haijaandaliwa. Ionyeshe tarehe ya kuajiriwa, tarehe ya kupanda mara ya mwisho na tarehe anayostahili mtu kupanda tena. Aliyerukwa atajiona na kulalamika mapema, kabla fedha hazijagawanywa. Chama chetu cha Walimu nacho kiidai tange hiyo kama kinavyodai nyongeza.

Kupandisha madaraja kunahitaji bajeti. Kubandika karatasi ukutani hakuhitaji.

Mwalimu wa Sekondari,
Chamwino, Dodoma.