Mwalimu, usimwogope wala usimtishe

MWALIMU kijana atokaye bara hupata mtihani wake wa kwanza punde tu afikapo Faza. Mtihani huo hauandikwi kwenye karatasi. Umeketi dawati la nyuma kabisa: mvulana mwenye mabega mapana, sauti nzito na macho yasiyopepesa. Akiulizwa swali, hunyamaza. Akikemewa, hucheka. Darasa zima linangoja kuona nani atashinda.

Je, msomaji, ungekuwa wewe ungefanyaje?

Wengi wetu tuliolelewa kwa kiboko tutajibu upesi: achapwe! Samaki mkunje angali mbichi, walinena wahenga. Lakini Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka wa 2001. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 nayo inasema anayempiga mwanafunzi au kumtesa kiakili aweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, kufungwa hadi miezi sita, au yote mawili. Hata zamani, kanuni za 1972 zilitaka adhabu hiyo itolewe na mwalimu mkuu au aliyemruhusu, mbele ya shahidi, mbali na wanafunzi wengine, na isizidi viboko sita. Ni wangapi waliozifuata?

Bahari ni shule ya pili

Ili kumwelewa kijana huyu, yafaa kujua atokako. Faza iko katika kisiwa cha Pate, na hapa, kama ilivyo jirani Kizingitini, riziki ni bahari. Msimu wa kaskazi, maji yanapotulia, wavulana hufuata vyombo. Hupiga mbizi kutafuta kamba mawe na kurudi na pesa za unga.

Sasa kijana aliyewalisha wadogo zake jana jioni, leo anaitwa mjinga mbele ya wasichana. Atajibu nini ila ujeuri? Aghalabu ubabe ni pazia la kufichia aibu. Amekosa masomo majuma mawili, hesabu zimempita, na hataki wenzake wajue.

Lugha nayo huzidisha mambo. Wenyeji husema Kitikuu. Mgeni akisikia "ndoo" hufikiri ni chombo cha kutekea maji, kumbe ni "njoo". Darasa likicheka, yeye hudhani ametukanwa. Hapo hupandisha sauti, na vita vimeanza.

Afanyeje basi?

Hofu ya walimu si ya bure. Mwaka wa 1999, viranja wanne waliuawa kwa moto na wanafunzi wenzao katika shule moja ya Nyeri. Januari 2021, mwanafunzi mmoja mjini Kisii aliwadunga kisu walimu wawili. Mwalimu akiona silaha au akitishiwa maisha, asijitie ushujaa. Amwarifu mwalimu mkuu mara moja.

Lakini watukutu wengi si wauaji. Wanataka tu wasivunjiwe heshima mbele ya rika lao. Kwa hivyo, usigombane na mwanafunzi hadharani. Mwambie abaki baada ya kipindi, mlango ukiwa wazi, useme naye kwa sauti ya chini. Taja kosa, usitaje utu wake: "Umechelewa mara tatu" si sawa na "Huna maana". Adhabu iliyokubaliwa na shule aitumikie yote, maana kumwogopa si kumpenda. Kesho yake msalimie kama wengine.

Faza ina neema ambayo miji mikubwa imeikosa. Mwalimu aweza kwenda kwa miguu hadi kwa mama wa kijana, kwa mjomba wake, kwa mwalimu wake wa chuo, hata kwa nahodha. Nahodha akimwambia, "Siku ya shule hupandi chombo changu," neno hilo lashinda viboko kumi.

Nanyi wazazi wa Mombasa na Nairobi, mwalimu akiwaita, nendeni mkasikilize pande zote mbili kabla ya kufoka. Nawe mwanafunzi unayetamba darasani, jiulize wanaokushangilia leo watakuwa wapi siku ya mtihani.

Kumfukuza kijana wa Faza darasani ni rahisi mno. Bahari itampokea siku hiyo hiyo, bila kumwuliza cheti. Kumrudisha ndiyo kazi.