Kudhibiti, Kuongoza na Kuchochea: Istilahi za Selulosi ya Bakteria

Mwenye kuunda istilahi za sayansi hana budi kulichungua jambo lenyewe kabla ya kulitafutia neno. Tuchukue mfano wa Agrobacterium tumefaciens, bakteria akaaye udongoni na kuitia mimea uvimbe shinani, karibu na ardhi.

Bakteria huyu hushika mmea kwanza kwa ulegevu. Kisha hutoa nyuzi za selulosi, yaani kitu kile kile kilichomo katika kuta za seli za mimea, akajifunga nazo pamoja na wenziwe. Mwaka 1983 Ann Matthysse, wa Marekani, alionyesha kwamba bakteria wasioweza kutengeneza selulosi bado huambukiza. Lakini jeraha la mmea likioshwa kwa maji, wao huondoka upesi, na wale wenye nyuzi husalia.

Mwaka 1995 Matthysse na wenzake walieleza jeni zihitajiwazo kwa kazi hiyo, zilizopangwa katika makundi mawili, celABC na celDE. Jeni hizo zimo katika kromosomu, wala si katika plasmidi ichukuayo jeni za uvimbe. Basi kuziita zote "jeni za ugonjwa" ni kuchanganya mambo mawili.

Tena kuwa na jeni si kutengeneza selulosi wakati wote. Kimeng'enya kiunganishacho glukosi kuwa selulosi hungoja ishara. Ishara hiyo ni molekuli ndogo, di-GMP ya mduara, iliyogunduliwa mwaka 1987 na kundi la Moshe Benziman, kule Jerusalem, katika bakteria mwingine atengenezaye selulosi. Ikiwapo kwa wingi, kazi huenda mbio. Ikipungua, kazi hupoa.

Hapa ndipo neno "kudhibiti" lipotoshapo. Asili yake ni Kiarabu, nayo maana yake katika Kiswahili huelekea kushika imara na kuzuia: twadhibiti magendo, twadhibiti moto. Mwanafunzi aambiwaye kwamba ishara hii "hudhibiti" selulosi atadhani kuwa huipunguza, kumbe huizidisha. "Kutawala" nako kwaleta picha ya mwenye enzi, na katika seli hakuna mmoja atawalaye yote.

Kwa hiyo yafaa tuseme "kuongoza" kwa jumla, "kuchochea" pale kazi izidishwapo, na "kuzuia" pale ipunguzwapo. Maneno haya matatu ni ya kawaida, nayo hayampotezi mwanafunzi njia.